Cheti Kimoja, Mabewa Mawili



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi akina mama, akina baba na vijana wetu mnaotusoma kila wiki, leo tunawaletea jambo lililotufika mlangoni. Wenyewe wameturidhia tuliandike bila ya majina, kwa kuwa tunajua nyumba nyingine zimo katika mashaka yale yale.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha walitujia wageni watatu: baba, mama na binti yao wa miaka 24. Tulipokwisha kunywa kahawa na kuulizana hali, baba akatoa barua mbili katika bahasha akaziweka juu ya mkeka. Akasema, "Sheikh, tumekuja utuchagulie."

Barua zote mbili zilitoka chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, na somo lilikuwa moja: shahada ya uzamili ya fedha, ya mwaka mmoja. Ya kwanza ilimkaribisha binti katika bewa la Edinburgh, Scotland, na ya pili katika bewa la Dubai. Binti ana shahada ya kwanza ya uhasibu, na kwa miaka miwili amefanya kazi katika afisi ya wakaguzi wa hesabu hapa Mombasa. Aliomba pande zote mbili, akakubaliwa pande zote mbili. Siku za kutoa jibu zilikuwa zimebaki 12.

Baba alitaka Dubai, kwa kuwa khalati wa binti anaishi huko na nchi ni ya Kiislamu. Mama alitaka Edinburgh, kwa kuwa ndiko chuo kilikozaliwa na kazi za huko zina sifa. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, akichezea ncha ya mtandio wake. Tukamtazama, tukajua hajaulizwa.

Ndugu zetu, elimu yetu sisi tuliipata juu ya mkeka wa madrasa, na mambo ya vyuo vya ng'ambo si fani yetu. Tuliomba siku tatu. Tukawauliza walimu, tukawauliza vijana wetu waliosoma huko, tukasomewa masharti ya serikali zote mbili. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kinachofanana

Chuo hiki kilianza mwaka 1821 kama shule ya kuwafundisha mafundi wa Edinburgh sayansi baada ya kazi zao za mchana. Jina lake ni la watu wawili. Watt ni James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke. Heriot ni George Heriot, sonara wa mfalme aliyekuwa pia akimkopesha fedha, na alipofariki mwaka 1624 aliacha mali yake ilee watoto wa mji wake waliofiwa na baba zao. Sisi watu wa pwani, tuliokulia karibu na misikiti na visima vya wakfu, hatuoni ugeni katika jambo hilo. Akina mama watapenda kujua pia kwamba chuo hiki kilifungulia wanawake madarasa yake mwaka 1869, baada ya mwanamke mmoja wa mji huo, Mary Burton, kuwasimamia wasichana mpaka wakakubaliwa. Vyuo vikuu vya Scotland vilichukua zaidi ya miaka 20 mingine kufanya hivyo.

Bewa la Dubai lilifunguliwa mwaka 2005. Anayehitimu huko hupewa shahada ya chuo kile kile. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba cheti cha Dubai ni cha daraja la pili wanasema wasilolijua.

Lakini kuna kosa jingine ambalo tulilikuta nyumbani kwa waja hawa na tunalikuta kwa wengi. Baba alidhani kwamba binti akisoma fedha Dubai atasoma fedha za Kiislamu. La, hasha. Somo ni moja. Pande zote mbili atafundishwa hatifungani na riba yake, thamani ya hisa, hatari na bei yake. Kujifunza hesabu ya riba si kula riba, kama vile kadhi anavyosoma habari za wizi wala asiwe mwizi. Lakini asidanganyike mtu kwamba adhana inayosikika dirishani hubadilisha kilichoandikwa ubaoni. Atakaye kujua mikataba ya Kiislamu itambidi ajiongezee mwenyewe, awe Dubai au awe Edinburgh.

Nyumba ya khalati

Sasa tuje katika yale yanayotofautiana, na tuanze na Dubai. Wema wake hatuukatai. Kutoka Mombasa ni mwendo wa saa tano kwa ndege, na saa zao zimetutangulia kwa saa moja tu, hivyo mama aweza kumpigia binti baada ya Magharibi bila ya kumwamsha. Chakula cha halali hakitafutwi. Tangu mwaka 2022 wiki yao ya kazi imepangwa nusu siku Ijumaa, na mapumziko ni Jumamosi na Jumapili. Huko ndiko ilikoanzishwa Dubai Islamic Bank mwaka 1975, na tangu mwaka 2004 mji huo una kituo chake cha fedha chenye sheria zake na mahakama zake zinazoendesha kesi kwa Kiingereza. Kijana anayetaka kuona mikataba ya Kiislamu ikiandikwa na kushtakiwa, mlango uko hapo.

Lakini baba hakuja na hoja hizo. Hoja yake ilikuwa khalati. Tukamuuliza, "Khalati anaishi na nani?" Akajibu kwamba anaishi na mumewe na wanawe watatu wa kiume, mkubwa ana miaka 26, katika nyumba ya vyumba viwili.

Enyi wazazi, hapa tusemezane kwa uwazi. Mume wa khalati si mahram wa binti yenu. Wana wa khalati si maharim wake. Wana hao ni watu ambao sheria inamruhusu kuolewa nao kesho. Mnamkimbiza binti asikae na wageni, kisha mnamtia katika vyumba viwili pamoja na wanaume wanne wasiokuwa maharim wake, mkaita jambo hilo usalama kwa kuwa wote wanajua mapishi ya biriani. Si kwamba tunawashuku watu hao. Wengi wa jamaa zetu walioko Ghuba ni watu wema waliokwisha kutulelea watoto. Lakini sheria haikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya peke yao, na aibu nyingi tulizopata kuitwa tuzisuluhishe zilianzia katika nyumba za jamaa.

Kuhusu safari ya mwanamke bila ya mahram, wanazuoni wamekhitilafiana, na hatuwezi kulimaliza hilo katika ukurasa mmoja. Tunasema jambo moja tu: hukumu ya safari haibadiliki kwa kuwa nchi iendewayo ni ya Waislamu. Anayeona kwamba haifai kwenda Edinburgh peke yake, hana hoja ya kumpandisha peke yake ndege ya Dubai. Na anayeona kwamba inafaa kwa usalama wa njia na wenzake wa kuaminika, basi autazame usalama wenyewe: binti atalala wapi, na nani, na atarudi vipi usiku. Maana madarasa mengi ya uzamili mjini Dubai hupangwa jioni na mwisho wa wiki, ili wafanyakazi nao wahudhurie. Mzazi anayedhani binti yake atakuwa ndani kabla ya Magharibi, na aulize kwanza.

Dubai si Makka, na Edinburgh si jangwa la imani. Palipo na maduka yale na starehe zile pana mitihani yake, na palipo na baridi ile pana misikiti yake.

Mji wa baridi na hesabu

Edinburgh una msikiti mkubwa katikati ya mji, uliofunguliwa mwaka 1998. Bewa la Heriot-Watt halipo katikati ya mji; liko Riccarton, nje kidogo upande wa magharibi, hivyo kuhudhuria msikiti huo ni safari ya basi. Saa za sala ni mtihani wa peke yake. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na dakika 40 asubuhi na kuzama karibu saa tisa na dakika 40 alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi huingia zote ndani ya muda wa takriban saa tatu na nusu, na mwanafunzi aweza kuwa darasani muda huo wote. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua huzama karibu saa nne za usiku, na giza kamili halifiki. Kijana aliyezoea adhana za Mombasa, zilizokaa mahali pamoja mwaka mzima, itambidi awe na ratiba mfukoni na azma moyoni.

Wema wa mji huo kwa mwanafunzi wa fedha ni mwingi. Benki yake kongwe, Bank of Scotland, ni ya mwaka 1695. Mwaka 1744 wachungaji wa kanisa la huko walianzisha mfuko wa wajane wao. Walihesabu ni wachungaji wangapi hufariki kila mwaka, huacha wajane wangapi, na kila mmoja achange kiasi gani ili mjane apate riziki yake kila mwaka bila ya mfuko kukauka. Mwaka 1815 ukaanzishwa mwingine, Scottish Widows, ambao jina lake lingali likitumika. Wanazuoni wetu wana maneno yao kuhusu bima za aina hiyo, na ndiyo sababu Waislamu wakatafuta njia ya takaful. Lakini huruma iliyofungamana na hesabu ni somo, na sisi ambao wajane wetu hubaki wakingoja fadhila ya shemeji hatuna haki ya kulidharau.

Mji huo huo una somo la pili. Benki yake nyingine, Royal Bank of Scotland, ya mwaka 1727, ilijipanua kwa madeni mpaka mwaka 2008 ikawa karibu kuanguka, na serikali ya Uingereza ikatumia zaidi ya pauni bilioni 45 kuiokoa. Anayesoma fedha Edinburgh husoma huku akipita mbele ya milango ya habari hizo mbili.

Kisha kuna mambo ya serikali. Mwanafunzi wa kigeni huko huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na akihitimu aweza kuomba kubaki miaka miwili atafute kazi; lakini kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, muda huo wa wenye uzamili umepunguzwa kuwa miezi 18. Juu ya karo kuna ada ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa kabla ya viza. Na akina mama mlioolewa lisikieni hili: tangu Januari 2024, wanafunzi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi tena kuja na mume wala watoto. Mke anayeahidiwa kwamba "tutakufuata huko" aujue ukweli kabla ya kulipa chochote.

Pesa za kuonyesha

Ubalozi hutaka kuona kwamba fedha za karo iliyobaki na za kuishi zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Hapo baba akatwambia, bila ya kusita, kwamba rafiki yake mfanyabiashara atazitia fedha katika akaunti yake mwezi mmoja, viza ikitoka azichukue.

Tunajua jambo hili limeenea, na lina jina lake: pesa za kuonyesha. Ndugu zetu, huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi. Baba anashuhudia kwamba ana mali asiyokuwa nayo, na binti anaanza kusomea uaminifu wa hesabu kwa hesabu ya uongo. Tena madhara yake hayangoji Akhera. Fedha zikisharudi kwa mwenyewe, binti hubaki katika nchi ya baridi na karo ya nusu mwaka, akitafuta kazi zaidi ya saa anazoruhusiwa, akiogopa kila bahasha inayopenya mlangoni. Wako watoto wetu waliorejea bila ya cheti kwa sababu hiyo, na wazazi wakasema mwana amepotoka.

Tukamuuliza baba, "Na fedha za kweli zitatoka wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ataiweka nyumba dhamana benki. Kwa Edinburgh atakopa zaidi, kwa Dubai atakopa kidogo. Tukauliza ni nyumba ipi. Akasema, "Nyumba ya mzee, Mji wa Kale. Ndimo anamokaa mama yangu."

Mafungu manane

Mzee huyo tulimjua na tulimsalia jeneza lake mwaka 2009. Aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Tukauliza kama mirathi imegawanywa. Mama wa binti akatazama pembeni. Baba akasema, "Sisi ni kitu kimoja, sheikh. Hakuna aliyedai."

Hapo ndipo binti alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza. Aliomba kalamu, akageuza upande wa nyuma wa barua ya Edinburgh, akapiga hesabu mbele yetu. Mjane ana thumni. Kilichobaki ni thumni saba, wagawane wana, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke: wanaume wawili wana mbili mbili, wanawake watatu wana moja moja. Nyumba imegawika mafungu manane kamili bila ya mabaki. Akaweka kalamu chini akasema kwa upole, "Baba, yako ni mawili. Sita si yako. Bibi ana fungu, na shangazi zangu kila mmoja ana fungu lake. Mimi sitaki kusomeshwa fedha kwa fungu la shangazi."

Hakuna aliyesema neno. Tulisikia saa ya ukutani.

Enyi akina mama, ni wangapi kati yenu wana fungu katika nyumba ambayo ndugu wa kiume huiita yake? Hamdai, kwa haya, na kwa kuogopa kuambiwa mnavunja udugu. Kisha siku moja nyumba inawekwa rehani kwa jambo jema, elimu ya mtoto, na mdai wa benki hajui udugu. Elimu ni jambo tukufu, lakini hailipiwi kwa haki ya mtu asiyeulizwa. Hata lau mkopo ungekuwa ni wa benki isiyotoza riba, dhamana ingekuwa bado si mali ya anayeiweka.

Kosa letu wenyewe

Hatuyasemi haya kama watu wasiokosea. Miaka mingi iliyopita alitujia mzee mmoja na habari kama hii: binti yake amekubaliwa chuo kimoja chenye matawi mawili, moja la hapa karibu na jingine la bara. Tulimjibu kabla kahawa haijapoa. Tukasema, "La karibu ni salama." Hatukumuuliza binti, wala hatukuuliza kama darasa la hapa litapata wanafunzi wa kutosha. Darasa halikufunguliwa. Nafasi ya bara ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, na mwaka uliofuata mzee hakuwa tena na fedha.

Binti yule sasa ni mama wa watoto wanne na ana duka dogo la vitambaa. Kila tukipita hututolea salamu kwa adabu na kuulizia hali ya watoto wetu. Hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma. Basi safari hii tulikataa kuwachagulia. Tuliwapa maswali, na leo tunawapa ninyi pia.

Maswali ya kuulizana nyumbani

Kwanza, fedha ni za nani? Andikeni karo, kodi, chakula, nauli, bima na matibabu, kwa kila bewa peke yake, na mbele ya kila hesabu muandike jina la mwenye fedha. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Palipo na jina la mtu asiyejua, futeni.

Pili, atalala wapi? Ulizeni habari za mabweni ya wanawake kabla ya kuulizia jamaa. Jamaa wawe wa kutembelewa na kukimbiliwa siku ya ugonjwa, na hiyo ni heshima kubwa ya kuwatosha.

Tatu, darasa litafunguliwa kweli katika bewa hilo, kwa muhula huo? Litakuwa saa ngapi? Je, mwanafunzi aweza kusoma muhula mmoja katika bewa jingine, na kwa gharama gani? Majibu yapatikane kwa maandishi kutoka chuoni, yasitoke kwa wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachokipeleka.

Nne, atarudi na nini, na kwa nani? Mwaka 2008 zilianza kazi hapa Kenya benki mbili za kwanza zinazofuata sharia kamili, na mwaka 2023 ikatolewa sukuk ya kwanza nchini, ya kujengea nyumba. Kazi hizo zinataka watu wanaojua hesabu za kisasa na fiqhi ya mikataba kwa pamoja, na sisi masheikh twajua jinsi watu hao walivyo wachache, maana mara nyingi huja kutuuliza sisi tusiojua nusu ya kwanza.

Tano, mwenyewe anasemaje? Kumtii mzazi ni wajibu mkubwa, lakini mashauriano ambayo mwenye safari hakufunguliwa kinywa si mashauriano.

Yakisha hayo ndiyo iswaliwe istikhara. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba zake istikhara kwa mambo yao yote, rakaa mbili na dua. Si kungojea ndoto, wala si kumtuma sheikh akuotee. Ni kumkabidhi Mola jambo ulilokwisha kulichunguza, kisha uende ukiwa radhi na atakalolifungua na atakalolifunga.

Walivyoamua

Waliondoka usiku ule bila ya kutuaga kwa bashasha, hasa baba. Tulidhani tumepoteza rafiki. Baada ya siku sita akarudi peke yake, akakaa mlangoni, akasema ameongea na mama yake. Bibi alimwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nangoja uulize." Shangazi mmoja amekwisha kuja kutoka Lamu, na wote wamekubaliana kwenda kwa Kadhi ili kila mtu ajue fungu lake kwa maandishi. Nani atauza na nani atabaki, hilo bado halijaamuliwa, na kuna maneno makali yamesemwa. Tunawaombea.

Binti aliandikia chuo kuomba nafasi yake isogezwe mpaka mwaka ujao, wakamkubalia. Amerudi kazini kwake na anaweka akiba kwa jina lake mwenyewe. Amechagua Dubai, katika bweni la wanawake, na khalati atamtembelea siku za mapumziko. Tulipomuuliza sababu, alisema mbili: anataka kuwa karibu na mahali mikataba ya Kiislamu inapoandikwa, na bibi yake ana miaka 81, naye hataki siku ya kuitwa imkute mbali kuliko safari ya ndege moja. Lau angechagua Edinburgh kwa hesabu iliyo wazi namna hiyo, tungemwombea dua ile ile.

Ile barua ya Edinburgh yenye mafungu manane mgongoni, baba ameiweka. Ametwambia ataipeleka kwa Kadhi.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi ujasiri wa kuuliza, na awarudishie akina mama haki zao bila ya kuwavunjia udugu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.